Kaniki Kwenye Dirisha la Maabara

Mimi nina wivu. Nimezaliwa nao, nimeolewa nao, na siku padri alipotuuliza kama tumekuja kwa hiari yetu wenyewe, wivu wangu ulikuwa umesimama pale pale altareni umevaa shela. Sioni aibu kusema. Wale wanaoimba kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, waje wanitazame. Sijakonda hata kidogo.

Kilichoniuma siku zote ni kwamba mume wangu hakuwa nao. Yeye alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja karibu na ziwa, na mimi nilikuwa nauza mitumba Igogo. Hiyo ni miaka ya tisini, ruksa ya biashara imefungua milango, kila mtu anauza kitu. Tulikuwa tumepanga Pasiansi, hapa Mwanza. Siku za gulio nilikuwa nabeba mzigo wangu kwenda ng'ambo, upande wa Sengerema, na pale kivuko cha Busisi tunasubiri mpaka jua linachoma utosi. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mrefu, ana mwanya, kila akinikuta kwenye foleni ananikaribisha nikae mbele. Siku moja akaninunulia nanasi. Nilirudi nalo nyumbani nimelikumbatia, nikaliweka mezani mbele ya mume wangu.

"Hili nimepewa na yule dereva wa Busisi," nikasema. "Yule anayependa kunipakia mbele."

Nikangoja. Akachukua kisu, akalikata, akatafuna kipande taratibu.

"Limeiva vizuri," akasema.

Limeiva vizuri! Mwanaume mwingine angelitupa nje nanasi na sahani yake. Nilikwenda kulia bafuni, jamani, nalia kwa kukosa kugombezwa. Watu wangenicheka wangejua.

Basi, katika hali hiyo ndipo akaja yule mwalimu wa kike. Ametoka Bukoba, amesoma chuo kikuu Dar es Salaam, amepangiwa kufundisha baiolojia pamoja na mume wangu. Mweupe, weupe wa kuzaliwa, siyo wa mkorogo, maana ule ningeujua tu kwa kutazama vidole. Mara ya kwanza kumwona alikuja mezani kwangu Igogo kutafuta blauzi.

"Shikamoo, wifi," akasema, na goti kidogo limekunjwa.

Nikajibu marahaba huku moyo unachemka. Kwanza, shikamoo ya nini? Tulikuwa karibu umri mmoja. Pili, wifi wa wapi? Ukimwita mke wa mtu wifi, maana yake mumewe ni kaka yako, na mimi nawajua hao makaka wa kazini.

Akaanza kuchagua. Sasa lazima nieleze jambo la biashara. Bibi yangu, mama yake mama, alinipa kaniki nilipoolewa, nguo nyeusi nzito, akitegemea nitaivaa kwa heshima. Mimi nikaifanya ya mezani. Shati jeupe lililozeeka, lile linaloelekea rangi ya maji ya mchele, ukilitandaza juu ya kaniki linawaka kama jipya. Mteja analipa, anaondoka, akifika kwake ndipo anakuna kichwa. Kila muuza mitumba anajua kitu kama hicho, ila kaniki kama ya bibi hawakuwa nayo.

Yule dada akachukua shati, akaliinua kutoka kwenye kaniki, akaliweka juu ya blauzi yake nyeupe aliyovaa. Shati likawa la njano mbele za watu.

"Wifi, kumbe unajua kazi!" akacheka. "Hiki ndicho ninachofundisha."

Wateja wangu wakacheka naye. Alipoondoka, jirani yangu wa meza, mama mmoja wa viatu, akaninong'oneza, "Dada, chunga. Na wewe ukisimama karibu naye unageuka kaniki." Nikamwambia afunge domo lake. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia, na kila nilipojitazama kwenye kioo nikawa namwona yule dada amesimama pembeni yangu, anang'aa kwa gharama yangu.

Nyumbani mambo yakabadilika. Zamani mume wangu akirudi anavua viatu, anaomba chai, anasikiliza redio. Sasa ikawa yule dada anasema hivi, yule dada ameleta hiki. Alikuwa amekuja na mashine kuukuu aliyopewa na profesa wake, ina kioo kidogo cha kijani kinachoonyesha umeme unavyopanda na kushuka. Anachukua jicho la ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ile ile, analipasua, anabandua ule utando mwembamba wa nyuma, retina, anautandaza kwenye kisahani chenye maji ya chumvi na sukari, anaugusisha nyaya za fedha nyembamba kama unywele. Halafu anaumulika na tochi mara moja. Kwenye kioo kinatokea kijiwimbi. Ng'ombe ameshakuwa supu, jicho lake bado linajibu.

"Ana mikono yule," mume wangu alikuwa anasema, chai inapoa mbele yake. "Ungeona anavyoubandua. Hauchaniki."

Hamu ya kula ikamwisha. Usiku anageuka geuka. Alfajiri anaondoka kwenda machinjioni kuchukua macho, naye yule dada anaondoka kwake na mabuti ya mpira, wanakutana huko kwenye damu. Mimi hizo dalili zote nilikuwa nazijua moja moja. Asiyekula, asiyelala, anayetaja mikono ya mwanamke mezani kwa mke wake, huyo ana nini? Jibu hata mtoto analo.

Kisha kaniki yangu ikapotea. Niliitafuta kwenye begi, chini ya kitanda, kwa jirani. Nikapanga mashati juu ya gunia na yakaonekana jinsi yalivyo. Mchana mama wa viatu akarudi kutoka kupeleka ada ya mwanawe shuleni, anatembea haraka haraka kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Dada, mimi sitaki maneno. Lakini lile dirisha la maabara limefungwa na nguo nyeusi, na mlango umefungwa kwa ndani, na wako wawili tu."

Lisemwalo lipo. Sikufunga hata meza. Nilikwenda kwa miguu yangu kutoka Igogo mpaka shuleni, na njia nzima nilikuwa natukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikunitosha. Nilipofika nikaiona: kaniki ya bibi yangu, imefungwa kwenye nondo za dirisha kwa nje, imekazwa pembe zote. Nguo ya bibi! Inawasitiri! Mlango ulikuwa na komeo la msumari tu. Nilipiga bega mara moja, likaruka.

Jua likaingia pamoja nami. Niliwakuta wamesimama pande mbili za meza, na koti refu jeupe kila mmoja, na kurunzi iliyofungwa karatasi nyekundu. Katikati ya meza palikuwa na kisahani, na ndani yake kitambaa kidogo laini chenye rangi ya waridi. Sijawahi kusahau rangi ile, kwa sababu ilikufa nikiwa naitazama. Ilitoka waridi ikawa njano ya mbali, kisha ikawa kama utando wa maziwa.

"Imekwisha," yule dada akasema. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli akafunika uso.

"Unajua ulichofanya?" mume wangu akaniuliza. Sauti ilikuwa kali, lakini midomo yake, midomo ile ninayoijua, ilikuwa inakaribia kucheka. Nikapata furaha ya kijinga. Nikasema moyoni, kumbe anapenda kupiganiwa.

Nilitegemea yule dada anitukane, nami nilikuwa na majibu ya kutosha wiki nzima. Badala yake alinifuata mezani kwangu kesho yake.

"Wifi, makosa ni yetu. Tumechukua nguo yako bila kukuomba, tumejifungia bila kukueleza kwamba utando ule ukipigwa na jua unaharibika. Njoo uingie na sisi. Ukae ndani kabla hatujafunga, utoke tukishafungua."

Nikaenda. Msidhani nilikwenda kujifunza. Nilikwenda kulinda mali yangu. Nikapewa stuli karibu na mlango, kurunzi nyekundu ikawashwa, nikatumbua macho yangu kwenye mikono yao yote minne.

Lakini gizani huna la kufanya ila kusikiliza, na yule dada alikuwa anaongea kazi inapongoja. Alinieleza mimi, siyo mume wangu. Akasema katika retina kuna seli za kupokea mwanga, na watu wengi hudhani zinakaa kimya gizani, mwanga ukija ndipo zinasema. Ni kinyume. Gizani ndipo zinaposema, zinamwaga kemikali moja bila kupumzika, inaitwa glutameti. Mwanga ukizipiga zinapunguza. Seli inayofuata inajua mwanga umefika kwa sababu jirani yake amenyamaza.

"Hilo nalijua," nikasema. "Mtu akinyamaza nyumbani ndipo unajua kuna jambo."

Mume wangu akakohoa.

"Sasa sikia hili, wifi. Seli zinazofuata ziko za namna mbili. Glutameti ile ile inamchochea huyu na inamzuia yule. Kemikali moja, ila kila mmoja ana mlango wake wa kuipokelea. Basi mwanga ukiingia, mmoja anapoa na mwenzake anaamka. Hivyo ndivyo jicho linajua hapa pameng'aa na hapa pamefifia."

"Na shati langu?"

"Shati lako ni jirani. Kuna seli zimelala ubavu, zinaunganisha jirani na jirani. Anayepata mwanga mwingi anawapunguzia sauti walio karibu naye. Shati likiwa juu ya kaniki, hakuna jirani wa kulipunguzia, linang'aa. Likiwa juu ya blauzi yangu, linazimwa. Ndani zaidi ziko seli nyingine ambazo kazi yao kubwa ni kuzuia, zinatumia kemikali nyingine, GABA na glaisini. Bila wazuiaji, wifi, usingeona ukingo wa kitu chochote. Dunia nzima ingekuwa uji."

Nilichukia jinsi nilivyoelewa. Nilikuwa nimekuja nimchukie mwanamke, na sasa nilikuwa namwonea wivu na maneno yake pia: jinsi yanavyotoka yamenyooka, kila moja mahali pake. Mimi nikikasirika maneno yangu hutoka yote kwa pamoja kama mbuzi zizini.

Akamulika. Kwenye kioo cha kijani mstari ukashuka kidogo, kisha ukapanda, ukarudi. "Kushuka ni wapokeaji," akasema, "kupanda ni wale wanaoamka nyuma yao." Halafu akachovya kijiti kwenye kikombe alichokoroga unga mweupe, ule ule wa kukoleza mchuzi tunaonunua dukani, akadondosha kwenye kisahani. Glutameti ya dukani. Akamulika tena. Mstari ukashuka kama kawaida, lakini haukupanda.

"Wapokeaji bado wanaona," akasema. "Ila kelele zimekuwa nyingi mno huko nyuma, habari haipiti."

Nilimtazama mume wangu wakati ule. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa ile taa, na macho yake hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa kwenye mikono ya yule dada. Yamekaza, hayapepesi. Nikasema moyoni, haya, huu ndio ushahidi, hata taa nimewashiwa.

Kuanzia siku ile nikawa mlinzi wa maabara. Kila wakifunga, mimi nipo. Kaniki nilikuwa naifunga mwenyewe kwenye nondo, kwa kamba ya bluu ya belo la mitumba, na fundo la kufungia belo halichezewi: ukilivuta linakaza, lazima ujue upande wa kulegeza. Mume wangu nilikuwa nimemfundisha fundo hilo mwenyewe, siku za kunisaidia mizigo.

Ndipo ikaja habari ya nafasi. Wageni kutoka chuo kikuu wangepita shuleni kutazama kazi za walimu wa sayansi, na wangechagua mmoja wa kwenda kusoma Ulaya. Mmoja tu. Waliojiandikisha kwetu ni wawili, mnawajua. Yule dada angeonyesha retina yake. Mume wangu alikuwa ameandaa michoro ya jicho, mikubwa, ya rangi, mizuri kweli, alichora jioni nyingi mezani kwetu. Lakini ilikuwa michoro.

"Mimi ndiye mkongwe pale," aliniambia akipaka rangi. "Nimekaa miaka yote hiyo na chaki. Itakuwa haki kweli?"

Mimi nilikuwa na sala zangu. Mnadhani niliomba nini? Niliomba yule dada ashinde! Ashinde, apande ndege, aende mbali, huko kwenye baridi, amtazame mzungu. Nilisali novena nzima, siku tisa mfululizo, kwa ajili ya mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote duniani. Niliwasha mishumaa. Mungu alicheka sana mwezi ule.

Siku ikafika. Wageni walikuja asubuhi, wazee wawili wa suti na mama mmoja mwenye miwani, na mkuu wa shule anawazunguka kama kuku mwenye vifaranga. Mume wangu akaanza, akaonyesha michoro, wakaitikia kwa adabu. Halafu wakaingia maabara. Macho ya ng'ombe yalikuwa kwenye kikapu chenye kifuniko, yamefunikwa vizuri. Kabla ya kufunga mlango yule dada akanishika mkono.

"Wifi, leo usikae ndani, hatutatosha. Kaa mlangoni. Asiingie mtu. Nakuamini wewe."

Akaniamini mimi! Aliyevunja mlango! Nikakaa kwenye stuli barazani, mgongo kwenye mlango, nikiwa na kiburi cha askari.

Walikaa gizani muda mrefu, maana jicho lazima lizoee giza kabla ya kubanduliwa. Nikasikia sauti yake anaeleza. Kisha mlango ukafunguka kidogo, akatoka mume wangu, akaufunga haraka nyuma yake. Pale mlangoni siku hizi palikuwa na pazia la ndani, hapakuharibika kitu.

"Naenda kuangalia swichi kubwa," akasema. "Isije ikawa mgao."

Akapita kona. Nilikuwa nimeshageuza uso kutazama ziwa nilipokumbuka kwamba swichi kubwa iko upande mwingine.

Ndani mtu akapiga ukelele: "Mwanga!"

Nilizunguka ile kona mbio. Kaniki ilikuwa inaning'inia kwa pembe moja, jua la asubuhi linaingia dirishani lote, na mume wangu amesimama chini yake na kamba ya bluu mkononi. Tulitazamana.

"Upepo," akasema.

Ziwa lilikuwa limelala kimya, hata majani ya mgomba hayatikisiki.

Alisokomeza kamba mfukoni, na papo hapo mkuu wa shule akatokea, nyuma yake wageni, nyuma yao yule dada na mikono yake imelowa maji ya chumvi. Mkuu wa shule aliniona mimi tu.

"Mama! Leo tena? Mbele ya wageni?"

Nikamgeukia mume wangu. Nilijua atasema. Hata kama ni mwongo, nilijua hapo atasema, maana mimi ni mke wake. Akainamisha kichwa, akatazama viatu vya wageni.

"Wazee wangu, tunaomba mtusamehe," akasema kwa upole. "Mke wangu ana wivu. Mnamjua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimekubali kuitwa mwenye wivu maisha yangu yote, lakini kwa wivu wangu mwenyewe, niliouchuma kwa jasho. Kubebeshwa wa mtu mwingine, thubutu!

"Mheshimiwa mkuu wa shule," nikasema, na siku ile maneno yangu yalitoka moja moja, "ni kweli nina wivu na huyu dada. Nina wivu mpaka nimemsalia novena apate hiyo nafasi aondoke Mwanza. Sasa nimfungulie dirisha ili abaki? Mimi ni mwenye wivu, siyo mjinga. Fundo lile la belo nililifunga mimi. Upepo haulifungui, na hapa shuleni anayelijua ni mtu mmoja. Kamba muulizeni yeye."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kipande cha kamba ya bluu kilikuwa kinaning'inia nje ya mfuko wa koti jeupe.

Yule dada alikitazama, kisha akamtazama yeye. Sijui alikuwa na maneno mangapi. Alisema moja.

"Kaka."

Mume wangu akaondoka bila kuaga, akapita katikati ya wanafunzi waliokuwa wamejaa barazani. Mkuu wa shule alikuwa anafuta jasho, anawaambia wageni habari za chai. Lakini yule dada akajipangusa mikono kwenye koti.

"Ng'ombe ana macho mawili," akawaambia. "La pili liko kwenye kikapu, halijafunuliwa. Mkinipa muda wa giza tena, nitawaonyesha." Kisha akanigeukia. "Wifi, funga dirisha."

Kamba ilikuwa imeondoka na mwenyewe. Nikaiinua kaniki ya bibi kwa mikono yangu, nikaibana kwenye nondo kwa mgongo na viganja, nikasimama pale na jua usoni mpaka miguu ikafa ganzi. Ndani nilimsikia akieleza yote, gizani zinasema, mwanga unazinyamazisha, huyu anachochewa, yule anazuiwa. Ningeweza kumsaidia kusema. Kisha ukimya, kisha wageni wakasema "Aaah!" kwa pamoja, nami nikajua mstari umepanda.

Nafasi akaipata yeye. Kabla ya kuondoka alikuja Igogo kuniaga, anakwenda kupanda meli usiku wake kuaga wazazi Bukoba. Akaniomba kipande cha ile kaniki awe anakumbuka.

"Thubutu," nikamwambia. Nikampa lile shati la rangi ya maji ya mchele. "Ukifika huko, livalie juu ya kitu cheusi."

Akacheka mpaka machozi, nami nikacheka. Hata hivyo, alipokuwa anaondoka na begi lake, mgongo umenyooka, nilimwonea wivu tena, wivu mpya wa kwenda.

Mume wangu tangu siku ya kamba alikuwa hasemi. Anakula anachopewa, anafundisha, anarudi. Siku niliyomuaga yule dada nilirudi nyumbani mapema, nikamkuta mezani amekunja michoro yake, anaifunga. Nikavua viatu, nikakaa mbele yake.

"Ameondoka," nikasema. "Sasa niambie. Ulimpenda?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kumpenda? Mimi nilikuwa siwezi hata kumtazama bila kuumwa." Akaanza kusema, na alipoanza hakuacha. "Nikisikia viatu vyake barazani, tumbo linakaza. Chakula hakipiti. Nikimwona anabandua ule utando, nasema, Mungu wangu, kwa nini siyo mikono hii? Mimi nimejaribu mara ngapi, unachanika. Usiku namwaza yeye tu. Akisifiwa, ni kama nimechapwa. Siku ile ulipovunja mlango na retina ikaharibika, nilitaka kucheka. Nilikuwa namwombea aanguke, aumie, aondoke. Nilikuwa najua ni mbaya, na siwezi kuacha."

Nilikuwa namsikiliza mdomo wazi. Hakuna alichokitaja nisichokijua. Tumbo lile ni langu, usingizi ule ni wangu, hata ile sala. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miezi yote ile, kila mmoja anaugua ugonjwa ule ule na mgongo umempa mwenzake, na mimi nilikuwa nahesabu dalili zake kama za mapenzi.

Ningemsamehe kamba. Kwa Mungu, hata ile "mke wangu ana wivu" nilikuwa nimeshaanza kuisamehe pale pale, kwa kumsikia anavyokiri. Lakini kuna neno lilikuwa linanijia mdomoni, na nikalijua kabla halijatoka. Kumbe anao. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa nao, mwingi, wa kumnyima chakula na usingizi, wa kumfanya afungue fundo mchana kweupe. Alikuwa nao, na wote alimpa yule mwanamke.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe nini?"

"Yule dereva wa Busisi. Hujawahi, hata siku moja?"

Aliacha kufunga michoro. Alikunja uso, akajitahidi kukumbuka kwa moyo wote, kama anavyotafuta jina la mwanafunzi aliyemaliza zamani.

"Dereva gani?" akasema.